Fomati imemaliza salama, mbona diski ina sekta zilizohamishwa?

SWALI: Nimefomati diski ya terabaiti 2 kwenye Windows 10, nikaondoa ile alama ya fomati ya haraka. Ilichukua saa nyingi, ikaganda kwenye asilimia 61, kisha ikamaliza bila kulalamikia sekta (kipande kidogo cha kuhifadhia data) hata moja. Lakini programu ya kupima afya ya diski inaonyesha sekta 24 zilizohamishwa. Niamini ipi?

JIBU: Amini zote mbili.

Fomati ya haraka huandika tu mfumo mpya wa faili, haikagui kitu. Fomati kamili, tangu Windows Vista, hujaza sifuri diski nzima. Enzi za XP ilikuwa inasoma tu. Diski inayoandika megabaiti 150 kwa sekunde huhitaji karibu saa nne kumaliza terabaiti 2, kwa hiyo muda mrefu peke yake usikutishe. Kuganda kwenye 61 ndiko kunakonitia shaka.

Windows yenyewe haioni sekta. Hutoa amri na kusubiri jibu. Anayejua kilichotokea ni saketi ya diski. Kila sekta, iwe ya baiti 512 au 4096, huhifadhiwa pamoja na tarakimu za kusahihishia makosa. Data ikisomeka na kasoro ndogo, diski huirekebisha kimyakimya. Kasoro ikizidi, hurudia kusoma, na kila jaribio linasubiri sahani inayobeba data izunguke tena: kwa diski ya mizunguko 7200 kwa dakika, ni milisekunde 8 na ushei. Majaribio yakiwa mengi, kwenye sekta nyingi, utaona asilimia haisogei.

Ikishindwa kabisa kusoma, haiihamishi sekta hapo hapo, maana haina data sahihi ya kupeleka kwingine. Huiweka kwenye orodha ya zinazosubiri. Fomati inapokuja kuandika sifuri, data ya zamani haihitajiki tena, ndipo diski inapopima: mahali pakishika maandishi, sekta inaendelea na kazi, pakikataa, anwani yake inaelekezwa kwenye sekta ya akiba. Windows inajibiwa "tayari", basi. Sekta ambayo diski imeshindwa kuiokoa ndiyo Windows huiripoti kuwa mbovu, na kwenye NTFS, mfumo wa faili wa Windows, huandikwa katika faili liitwalo $BadClus. Zako 24 hazikufika huko.

Fungua tena programu yako ya afya, tazama namba 05 (zilizohamishwa) na C5 (zinazosubiri). C5 ikiwa sifuri na 05 ikibaki 24 baada ya wiki kadhaa za matumizi, diski inaweza kubeba vitu ambavyo una nakala yake kwingine. 05 ikipanda, hamisha data yako siku hiyo hiyo. Usijaribu kuitibu kwa kuifomati tena na tena. Akiba ina mwisho, na kichwa cha kusomea kinachokwaruza sahani hakiponi kwa programu.

Kama unayo pia SSD (diski isiyo na sahani inayozunguka), hiyo ifomati kwa haraka tu. Kuijaza sifuri ni kuichakaza bure.