Kisukari, Mafuta ya Damu na Kigimbi Kinachobana

SWALI: Daktari, habari za kazi. Nina umri wa miaka 61, naishi Kibosho, na huu ni mwaka wa nane nikiwa na kisukari. Mwezi uliopita nilipimwa mjini Moshi, nikaambiwa sukari kabla ya kula ni 9.4 na mafuta ya damu nayo yamepanda. Siku hizi nikipanda kutoka barabarani kwenda nyumbani, kigimbi cha kulia kinabana hadi nisimame. Nikipumzika kidogo kinaachia. Mama watoto anasema ni uzee. Je, sukari na mafuta vinahusiana vipi na mguu?

JIBU: Mzee wangu, uzee haubani kigimbi kimoja ukakiacha kingine. Maumivu yanayokuja kwa kupanda na kuondoka kwa kusimama huashiria kuwa ateri ya mguu, yaani mshipa unaopeleka damu mguuni, imekuwa nyembamba, kiasi kwamba msuli unaofanya kazi haupati damu unayoihitaji.

Wengi hudhani mafuta hujikusanya katika mshipa kama yanavyoganda kwenye bomba la karo la jikoni. Sivyo. Mafuta huingia katika ukuta wenyewe wa ateri, chini ya utando laini unaogusana na damu, na huko humezwa na chembe nyeupe za damu ambazo huvimbiwa na kukwama papo hapo, mpaka ukuta ukatuna na kuifinya njia ya damu. Sukari iliyozidi kwa miaka mingi huudhoofisha utando huo, na mafuta yakapata upenyo. Tena, insulini, homoni inayodhibiti sukari mwilini, isipofanya kazi yake sawasawa, mafuta yaliyohifadhiwa mwilini humiminika kwenye ini, nalo likatengeneza trigliseridi, aina ya mafuta ya damu, kwa wingi. Kolesteroli nzuri hushuka, na chembechembe za ile mbaya huwa ndogo, zenye kupenya ukutani kwa urahisi. Ndiyo maana mtu mwenye kisukari anaweza kupewa majibu ya maabara yanayoonyesha kolesteroli mbaya ya kawaida, na bado akawa hatarini.

Ugonjwa huu ukiwa mguuni, mara nyingi upo pia katika ateri za moyo na za shingo, ambako uvimbe ukipasuka damu huganda juu yake na kuleta shambulio la moyo au kiharusi. Kwa kuwa kisukari huharibu pia mishipa ya fahamu, shambulio hilo linaweza kuja bila maumivu yoyote ya kifua.

Omba presha ya kifundo cha mguu ipimwe na kulinganishwa na ya mkono. Uwiano ulio chini ya 0.9 huthibitisha tatizo. Muulize daktari wako pia kuhusu statini, dawa za kushusha kolesteroli ambazo watu wengi wenye kisukari waliovuka miaka 40 hupewa. Kama unavuta sigara, acha leo. Mtori sikukatazi, ila supu ya mifupa ilaze usiku kucha, na asubuhi uondoe kwa kijiko lile tabaka jeupe lililoganda juu. Ndizi nazo ziwe za kiasi, kwa kuwa wanga wake hugeuka sukari. Kilima usikikimbie: tembea hadi kigimbi kibane, simama, kikiachia endelea.

Baridi ya Julai isikushawishi kuota moto kwa miguu, kwani mguu uliokufa ganzi huungua bila mwenyewe kujua. Ukiona kidonda kisichopona au kidole kinachobadilika rangi, au maumivu yakikuamsha usiku ukiwa umelala, nenda hospitali siku hiyo hiyo.