Maswali na majibu: Uhuru uliodaiwa bila bunduki

Makala yangu ya Saba Saba, kuhusu kuzaliwa kwa TANU, chama kilichodai uhuru wa Tanganyika, tarehe 7 Julai 1954, imeleta maswali mengi. Nimechagua manne.

Mwalimu wetu alisema Tanganyika ilipewa uhuru mezani. Ni kweli?

Neno "ilipewa" linaniuma. Novemba 1951 serikali ya Waingereza iliwaondoa kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki, kaskazini mwa Tanganyika, ili ardhi yao iwe mashamba ya walowezi. Nyumba zilichomwa moto. Wameru hawakushika mikuki, ila fidia waliikataa. Wakachangishana, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akasimama Umoja wa Mataifa, New York, akisaidiwa na wakili Earle Seaton, kuishitaki serikali iliyokuwa ikiwatawala. Katika Baraza Kuu kura hazikufika theluthi mbili, shauri likaanguka. Lakini mwana wa Meru alikuwa ameonyesha njia, na mwaka 1955 Nyerere akaipita njia hiyohiyo kwenda New York.

Bibi yangu alikuwa na kadi ya TANU, babu hakuwa nayo. Imekuwaje?

Swali hili limenifurahisha kuliko yote. Kama babu yako alikuwa mtumishi wa serikali, alikatazwa kujiunga na chama cha siasa, angepoteza kazi. Mama muuza maandazi au mpika pombe hakuwa na bosi wa kumfukuza. Mwaka 1955 Bibi Titi Mohamed, aliyekuwa mwimbaji wa kikundi cha ngoma Dar es Salaam, alipita kwa viongozi wa vikundi vya akina mama, vya ngoma ya lelemama na vinginevyo. Wale walikuwa tayari wana wanachama, wana michango, wana namna ya kuitana usiku mmoja na uwanja ukajaa asubuhi. Kwa miezi michache tu wanawake wapatao 5,000 walikuwa na kadi. Ninapowasikia watu wakisema wanawake "walisaidia" TANU, nasikitika. Mjini Dar es Salaam wao ndio waliokuwa chama chenyewe kwa kiasi kikubwa. Bibi yako alijua alichokuwa akifanya. Itunzeni hiyo kadi.

Watu wa TANU waliogopa silaha kwa sababu ya vita vya Maji Maji dhidi ya Wajerumani?

Kuogopa, hapana. Kukumbuka, ndiyo. Wazee waliofika kwenye mikutano ya TANU walikuwa watoto wakati wa vita vile vya 1905 hadi 1907, na njaa iliyofuata iliua watu wengi mno. Mtu aliyeona hivyo hahitaji kufundishwa bei ya vita.

Gandhi alikubali jela. Kwa nini Nyerere alilipa faini?

Gandhi alitembea siku 24 mwaka 1930, kutoka Sabarmati hadi Dandi, akaokota chumvi kinyume cha sheria, akafungwa. Kufungwa kulikuwa sehemu ya mapambano yenyewe. Kesi ya Nyerere ilikuwa ya kuwakashifu maofisa wa serikali katika gazeti la Sauti ya TANU, na Agosti 1958 hakimu alimpa achague: shilingi 3,000 au miezi sita gerezani. Tazama kalenda. Uchaguzi wa kura tatu ulikuwa unaanza Septemba, ule uliomtaka kila mpiga kura achague Mwafrika, Mwasia na Mzungu. Ulikuwa mfumo wa kibaguzi, na Januari mwaka huo, Tabora, Nyerere alikuwa ameomba kwa nguvu zote chama kisiususie. Zuberi Mtemvu, mmoja wa viongozi wa TANU, alijitoa chamani kwa hasira kwa sababu ya uamuzi huo. Nyerere angekaa ndani, nani angewatuliza vijana mitaani, na nani angezunguka kuwaeleza watu kwamba Mzungu na Mwasia wa kuchagua ni wale wanaoungwa mkono na TANU? Kwa maoni yangu, jela ingekuwa rahisi zaidi kwake. Alilipa, akarudi kwenye kampeni, na walioungwa mkono na TANU wakashinda.