Nyimbo zinazomheshimu mwanamke, kwa ajili ya watoto

Mama, umeuliza namna ya kuwachagulia watoto wako nyimbo zinazomheshimu mwanamke. Anza na maneno kabla ya mdundo: hapa Lubumbashi nyimbo nyingi tunazosikia ni za Kilingala, na mtoto huimba kiitikio kabla hajakielewa, kwa hiyo mwombe mtu anayeijua vizuri lugha hiyo akufafanulie mstari kwa mstari. Angalia mwanamke anafanya nini ndani ya wimbo: anasoma, anauza sokoni, anakataa, anaamua, au anasifiwa umbo tu na kulaumiwa kwa kupenda pesa? Wavulana nao wasikilize, tena hasa wao. Waeleze pia kwamba Tshala Muana, mwimbaji aliyeitwa malkia wa mutuashi (muziki na ngoma ya Waluba wa Kasai) na aliyefariki mwaka 2022, alizaliwa katika mji huu huu.