Tari langu linalia kama katoni: nibadilishe rangi au ngozi?

SWALI: Assalam alaykum fundi. Mimi ni mwalimu wa madrasa hapa Bombo. Tulitengeneza tari letu wenyewe kwa ajili ya halka ya dhikri na maulidi: pete ya mwembe yenye upana wa sentimita 38, ngozi ya mbuzi, misumari kuzunguka. Mwezi wa kwanza lililia vizuri mno. Kisha tukalipamba kwa rangi ya mafuta, maua na nyota, na juu yake tukapaka vanishi. Tangu hapo linalia kama katoni. Mvua zilipoanza likalegea, na pete yenyewe imekuwa kama yai. Nitumie rangi gani isiyoua sauti? Na je, tari hili linaokoka? Vijana pia wanataka kuandika Jina la Mwenyezi Mungu katikati ya ngozi.

JIBU: Waalaykum salaam Ustadhi. Umeuliza habari ya rangi, lakini mambo unayoyalalamikia ni matatu na kila moja lina dawa yake. Nianze na lile linalokutisha bure.

Umbo la yai halina neno. Mti ukikatwa mbichi ukakaukia umbo la pete, hunywea karibu mara mbili zaidi kwa kufuata miviringo yake ya umri kuliko kutoka moyoni kwenda gomeni, kwa hiyo pete isiyochongwa na moyo wa gogo katikati lazima iende upande. Sauti haijali. Wareno wana adufe, tari la pembe nne kabisa, na linalia. Kitu kinachoharibu sauti ni ukingo ambao hauko sawa kwa kimo. Ng'oa ngozi, weka kiunzi, yaani ile pete ya mti, kifudifudi juu ya kioo cha meza, bonyeza upande mmoja. Kikicheza, ndipo pana kazi. Gundisha msasa juu ya ubao ulionyooka, chora ukingo wote kwa penseli, kisha sugua kiunzi kwa kukizungusha polepole. Alama za penseli zitafutika kwanza kwenye vilima, mabondeni zitabaki. Usiache mpaka mstari wote uwe umetoweka.

Ukimaliza hapo, chonga mteremko kwa ndani, ili ngozi iguse mti kwa ukanda mwembamba wa milimita tatu hivi upande wa nje, na kona ya nje uilainishe isiikate ngozi. Matari mengi ninayoletewa hapa Mpambire, kijiji chetu cha mafundi ngoma, kutengenezwa yana ukingo bapa, mpana kama mdomo wa sufuria. Ngozi hulalia ule upana, ikipigwa inaugusa na kuuachia, ikatoa mlio wa nyuki. Wenyewe hudhani ngozi ni mbovu.

Ikiwa kiunzi kimepasuka, kiache uunde kingine, na safari hii usichimbe gogo. Najua ni ajabu kusikia hivyo kutoka kijiji kinachoishi kwa kuchimba magogo. Ngoma ya Kiganda ina ukuta mnene na imefungwa ngozi juu na chini, inastahimili. Tari ni pete nyembamba iliyo wazi nyuma, gogo huipasua tu. Tumia vipande. Kwa tari la sentimita 36 kata vipande vinane vya mbao kavu, unene sentimita mbili, upana tatu na nusu, upande mrefu 15 na nusu, ncha zote mbili zikatwe kwa nyuzi 22.5. Vikikutana vinafunga duara. Fanya tabaka nne namna hiyo, ukizipanga kama matofali ili kiungo cha juu kikae katikati ya kipande cha chini, gundi nyeupe ya seremala, bana usiku kucha. Halafu chonga nje na ndani mpaka ukuta ubaki milimita 12. Vipande 32 ni kazi ya kuchosha, nakubali, lakini nyuzi za mti zinafuata mzunguko pande zote na pete haina mahali pa kupasukia.

Mti? Ukiweza kupata mfenesi, chukua huo. Wahindi wa kusini huchongea ngoma yao iitwayo mridangam kwa mfenesi, na hapa Uganda haukosekani karibu na nyumba ya mtu. Ni wa manjano, unanukia vizuri ukikatwa, na ukipakwa nta ya nyuki hugeuka rangi ya asali bila kutia rangi yoyote. Musizi nao unafaa na ni mwepesi zaidi kwa mkono wa mtoto.

Sasa ngozi, na hapa ndipo tari huzaliwa au hufa. Chagua ngozi ya mbuzi iliyo na unene unaolingana. Ishike juu ya mwanga wa dirisha uitazame kama mtu anayekagua noti. Panapopita mwanga zaidi ni pembamba, panapokuwa na kovu la kupe patatoboka. Mstari wa mgongo uupitishe katikati ya tari ili pande mbili zivutane sawasawa. Nunua kwa mchinjaji unayemwamini, na swali la uchinjaji litakuwa limekwisha kabla hujafika kwa shehe.

Iloweke kwenye maji baridi saa tatu au nne, mpaka iwe laini kama kitambaa kilicholowa. Maji baridi, Ustadhi. Kuna mtu huku alitaka kuharakisha akatia ya birika. Ngozi ilijikunja mbele ya macho yake ikawa kama kongoro. Ngozi mbichi iliyolowa ikifika nyuzi joto 60 na kitu, nyuzi zake zinaachia na kusinyaa, hairudi tena. Ikiwa kavu huvumilia joto zaidi, ndiyo maana tunaweza kuipasha motoni.

Methali yetu inasema mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake. Kwenye tari hilo ndilo kosa lenyewe. Ukiivutia kwako kwanza, upande wako utakaza na wa mbele utabaki na mikunjo, na hakuna msumari utakaosawazisha baadaye. Paka gundi ubavuni mwa kiunzi, weka msumari mmoja mbele yako, wa pili upande wa pili kabisa, kisha kulia, kisha kushoto, halafu katikati ya hiyo minne, daima ukivuka kwenda ng'ambo. Nafasi ya sentimita mbili na nusu inatosha. Pete ya 36 itataka misumari 45 hivi. Mvuto uwe kama wa kutandika shuka ya kitanda. Usikaze kwa koleo. Ngozi itajikaza yenyewe ikikauka, na kwa nguvu za ajabu: iliyokazwa sana ikiwa imelowa hupindisha kiunzi au hupasuka usiku wa manane kwa mlio kama risasi.

Kausha kivulini, siku tatu wakati wa kiangazi, tano au zaidi wakati wa mvua. Si juani, si kando ya sigiri. Ukijaribu kuigonga siku ya kwanza itatoa mlio wa kusikitisha, iache.

Kuhusu kulegea wakati wa mvua, hiyo si hitilafu, ni tabia ya ngozi. Inanywa unyevu wa hewa, nyuzi zinalainika, mvutano unapungua. Mvutano ukishuka nusu, sauti hushuka kwa asilimia 30 hivi, na sikio husikia hiyo kama kifo. Kuna dawa mbili. Ya kwanza unaijua: moto wa majani makavu ya migomba, tari likizungushwa juu yake huku mgongo wa mkono wako ukiwa kipimo. Mkono ukishindwa kukaa, ngozi nayo imeshindwa. Ya pili ni ya Wamalay. Kompang yao, ambayo nayo ni tari la maulidi, huchomekwa ufito wa henzirani kwa ndani, kati ya ngozi na mti, ukizunguka pete nzima. Ufito unaisukuma ngozi juu na kuikaza. Mvua ikiisha unautoa. Nenda kwa wasuka viti, omba fito mbili za unene tofauti, chembamba kwa wingu na kinene kwa mvua ya mwezi wa nne. Usiuache humo tari likiwa limehifadhiwa, la sivyo ngozi itanyooka moja kwa moja.

Na sasa ndiyo rangi. Rangi ya mafuta hukaa juu ya ngozi. Huongeza uzito mahali panapotakiwa kutikisika, hukauka ngumu, na vanishi yako ikamalizia kazi. Kuikwangua hutaweza bila kuichuna ngozi yenyewe. Kwa hiyo jibu la swali lako la pili: kiunzi kinaokoka, ngozi hapana.

Kwenye ngozi mpya weka kitu kinachoingia, kisichokaa juu. Hina. Mafundi wa Morocco wamepamba ngozi za ngoma kwa hina tangu zamani, na sababu ni ileile inayofanya hina ishike mkononi mwa bibi harusi: rangi yake hujifunga kwenye protini, na ngozi ya mbuzi ni protini tupu. Chekecha unga kwa kitambaa chepesi, changanya na maji ya ndimu mpaka uwe mzito kama dawa ya meno, acha saa sita. Chora kwa koni ya plastiki, ile wanayotumia wachoraji wa harusi. Ikiwa nyepesi italowesha ngozi na mstari utatambaa. Acha ikauke usiku kucha, kisha iondoe kwa ukucha, usioshe. Itaonekana ya chungwa, usikate tamaa. Kwa siku mbili itaiva kuwa kahawia. Jaribu kwanza kwenye kipande ulichokata pembeni, maana kila ngozi hunywa kwa namna yake. Na piko, ile nyeusi ya nywele, iache dukani. Ina kemikali inayobabua watu, na tari hili litashikwa na watoto.

Hamu yote ya rangi na nakshi imalizieni kwenye mti. Huko chongeni, chomeni kwa msumari wa moto, pakeni kijani na dhahabu mpendavyo, pigilieni misumari ya shaba yenye vichwa. Sauti haitadhurika.

Kuhusu Jina la Mwenyezi Mungu katikati ya ngozi: mimi huwa sifanyi. Fatwa si kazi yangu, na mambo ya dufu lenyewe yana wasemaji wake. Ila hapo katikati ndipo panapopigwa viganja usiku mzima, na tari huwekwa chini, hukaliwa karibu, hubebwa kwenye buti la gari pamoja na jeki. Wateja wangu wengine walikuja wakitaka hivyo, nikawapa nyota ya pembe nane na mzabibu kuzunguka ukingo, wakaridhika. Vijana wakisisitiza, waandike kwenye kitambaa cha kutundika ukutani.

Mmoja wao pengine atauliza kama kuna kitu cha kutia ndani ya tari, kwa sababu wamesikia kwamba mafundi wetu wengine hutia kitu kidogo ndani ya ngoma ya Kiganda kabla ya kuifunga. Mwonyesheni nyuma ya tari. Liko wazi, hakuna pa kuficha kitu.

Ukianza na kiunzi wiki hii, hesabu wiki moja ya mti, wiki moja ya ngozi na kukauka, siku tatu za hina. Ukiwahi kabla ya Mfungo Sita, mwezi wa maulidi, utakuwa na muda wa kuwamba upya ngozi ya kwanza ikikataa. Ya kwanza kwa kawaida hukataa. Kwa hiyo nunua mbili.