Mstaafu mwenzangu, nenda Unguja ukakae

Mmeuliza wiki hii, mtu aliyestaafu, ana vihela kidogo na magoti yanayolalamika, aende mji gani wa kale akale vizuri na asikie muziki. Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Morogoro, na jibu langu ni Mji Mkongwe wa Unguja. Sababu siyo zile za kwenye matangazo, sijui milango ya nakshi sijui UNESCO waliuingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 2000, hayo yote ni kweli ila mimi sababu yangu ni moja tu, ule mji una pa kukaa.

Sitanii. Nyumba nyingi za zamani kule zina baraza, ile sehemu ya kukalia imejengewa kabisa ukutani kwa nje, kwa hiyo unatembea kidogo mguu ukigoma unakaa, hakuna mlinzi wa kukufukuza wala mhudumu wa kukuuliza utaagiza nini mama. Utakuta wazee wenzio wanapiga soga, unasalimia vizuri wanakusogelea nafasi. Pale Jaws Corner, kile kijiwe cha kahawa, ndo usiseme, muuza kahawa na dele lake, kikombe chenyewe kidogo kama cha kuchezea watoto, kahawa chungu haina sukari, unatafuna kashata, unasikiliza watu wanabishana siasa na mpira mpaka unasahau ulikuwa unaelekea wapi. Na vichochoro vyenyewe vyembamba nyumba ndefu, kivuli kipo karibu siku nzima. Cha kuogopa ni vespa na bodaboda tu, zinatokea kwenye kona ghafla, ukisikia honi gandamia ukuta!

Chakula sasa. Watu wote wanakimbilia Forodhani jioni, ile bustani ya ufukweni wanapouza vyakula, na nyie nendeni, ila ulizeni bei kabla hajaweka kitu kwenye sahani, na pweza kama meno ni ya kuhesabu mwachieni mjukuu. Kunyweni juisi ya miwa ya ndimu na tangawizi, inakamuliwa hapo hapo mnaiona. Ila kwangu mimi mfalme ni urojo, na urojo haunywewi kwa haraka. Bakuli linakuja rojo la njano limechachushwa kwa embe mbichi, ndani kuna viazi, bajia, kachori, vipande vya mishikaki, juu anakumwagia chatini ya nazi na pilipili halafu anamalizia na zile chipsi za muhogo, ukizila mapema zinavunjika kah kah, ukichelewa zimelowa, na mimi nazipenda zimelowa. Wenye presha mwambieni pilipili na chatini aweke pembeni, hatakasirika, amezoea.

Na muziki wenyewe ni wa kukaa, ndo maana nasema huu mji ni wetu. Taarabu asilia siyo ya kurukaruka, unakaa kwenye kiti unasikiliza kanuni (kile chombo cha nyuzi nyingi), udi, fidla na akodiani mpaka shairi liingie. Vikundi vyenyewe ni vya siku nyingi, Ikhwani Safaa wapo tangu 1905, Culture Musical Club tangu 1958, ukifika mjini uliza tu wanapiga lini na wapi, hata mazoezi yao tu ni burudani. Na kule uzee siyo sababu ya kunyamaza, Bi Kidude aliimba jukwaani mpaka uzeeni kabisa, amefariki 2013. Mimi kilichoniacha hoi ni kutunza. Fumbo limemgusa mtu, mama mmoja wa umri wangu anainuka kule nyuma na noti kati ya vidole, haendi moja kwa moja, anayumba taratibu kufuata fidla, anaipitisha ile noti hewani kuelekea upande fulani wa ukumbi (wenyewe wanajua ni nani anaambiwa) ndo anampa mwimbaji anarudi kukaa kama hakufanya kitu. Vijana waliokuwa karibu yangu walikuwa wanachat, hawakuona chochote, ugomvi mzima umewapita. Bebeni noti ndogo ndogo.

Mambo ya kuangalia ni machache. Nyumba zile za kulala wageni ni za zamani, ngazi za mbao zimesimama wima na lifti mara nyingi hamna, kwa hiyo ukibuku sema unataka chumba cha chini na usikubali kuambiwa ghorofa ya tatu ina view nzuri. Gari haliingii kwenye vichochoro, mpeni kijana mzigo. Boti kutoka Dar ni mwendo wa kama saa mbili hivi, upepo wa kusi ukivuma kuanzia Juni hivi bahari inachafuka na tumbo nalo linachafuka, mwenye uwezo apande ndege, dakika kama ishirini mmefika. Masika msiende. Ramadhani nayo taarabu inasimama na mchana huwezi kukaa unakula barabarani, labda mwende kwa futari tu.

Wanaouliza waende na watoto wao au peke yao, nendeni nao, wawabebee mizigo na kulipa bili, ila ratiba msiwaachie, mtajikuta mnapandishwa juu ya paa kuangalia jua linazama wakati taarabu inaanza.