Muulize Shangazi: Mapichi yameingia Majengo

*Shikamoo Shangazi. Nilikuta mapichi mekundu Soko la Majengo, nikachukua mafungu mawili. Nikayatia kwenye friji yasiharibike. Sasa yamelainika nje, ndani makavu kama unga, hayana ladha. Muuzaji kanipiga?*
— Msomaji, Area D

Marahaba mwanangu. Muuzaji hana kosa. Wekundu huja kwa jua na kwa aina ya mti, hata tunda likiwa bichi. Wewe tazama rangi iliyo chini ya huo wekundu, karibu na kikonyo. Ikiwa na ukijani, bado. Ikishageuka manjano, nusa. Pichi lililoiva harufu yake haijifichi.

Haya yanayotufikia Dodoma hutoka milimani, kama Lushoto au Mgeta kule Uluguru, na pichi lililoiva kabisa haliwezi safari hiyo. Likibanwa kwenye tenga linafika limepondeka. Ndiyo maana huchumwa yangali magumu. Yatalainika na kunukia hata baada ya kuchumwa, ila utamu hautaongezeka sana.

Kilichokuharibia ni friji. Baridi ikilikuta pichi kabla halijaiva, nyama yake hugeuka ya ungaunga, na hapo hata ulirudishe juani halitengenezeki. Yaache mezani, yasibebane. Una haraka? Yafunge kwenye mfuko wa karatasi na ndizi mbivu moja. Kwa joto letu la Desemba, siku mbili tatu zinatosha. Yakishaiva ndipo uyatie friji, na uyatoe mapema kabla ya kula, maana likiwa la baridi sana harufu yake hulala. Mimi nalila nimeinama juu ya karai, maji yakishuka hadi kwenye kiwiko. Kulikata vipande na kulila kwa uma naona ni kulionea.

*Shangazi, sina oveni, natumia mkaa. Keki yangu ya mapichi iliiva pembeni, lakini palipo na matunda pakabaki majimaji. Nifanyeje?*
— Mama wa Nkuhungu

Pichi lina maji mengi, na likikutana na sukari huyaachia yote. Basi yaachie kwenye bakuli, yasiachie kwenye keki.

Chukua mapichi manne au matano yenye uchachu, yaliyoanza tu kulainika. Yatumbukize kwenye maji yanayochemka kwa dakika moja hivi, kisha kwenye maji baridi, ganda litavuka. Likigoma, menya kwa kisu. Kata vipande, nyunyizia vijiko viwili vya sukari na ndimu kidogo, acha nusu saa, chuja. Yale maji usimwage. Yachemshe mpaka yawe mazito kama asali, utayamwagia keki ikiwa bado ya moto.

Keki yenyewe: siagi gramu 150 na sukari gramu 150, piga hadi iwe nyeupe, mayai matatu, moja moja, unga wa ngano robo kilo uliochekechwa na vijiko viwili vya chai vya bekingi pauda, iliki. Maziwa kidogo ukiona pazito. Vipange vipande juu, usivichanganye ndani.

Mchanga mkavu tandaza kwenye sufuria kubwa, upashe moto, weka chombo cha keki juu yake, funika. Makaa machache chini, mengi juu ya mfuniko. Usifunue kabla ya dakika 40, hata wifi akikuuliza mara ngapi. Choma kwa njiti. Ikitoka kavu, epua.

*Nimepanda kokwa la pichi uani Ipagala. Nitavuna lini?*
— Msomaji

Mti unaweza kuota. Matunda ni habari nyingine. Mpichi unahitaji majuma mengi ya baridi ndipo uchanue vizuri, na baridi yetu ya Juni na Julai, pamoja na masweta yote tunayovaa, haitoshi. Panda mzabibu.

*Watoto wangu huvunja kokwa wakala kiini. Kuna ubaya?*
— Baba wa Makole

Upo. Kiini cha pichi kina kitu ambacho kikitafunwa hutoa sianidi, na hiyo ni sumu. Uchungu wake kidogo usiwadanganye kuwa ni dawa. Nyama ya tunda haina tatizo, wale washibe. Kokwa zihesabu zikirudi kwenye sahani, uzitupe mwenyewe kabla hawajatafuta jiwe.