Barua kwa mwanangu: nani alinunua mafuta?

Mwanangu Shabani,

Umeniuliza, sasa unapojiandaa kupanda meli itakayopita pwani ya Somalia, kwa nini watu huingia uharamia na kwa nini wengine huuacha. Hilo la kwanza halinisumbui: njaa, deni, ujana. Mimi huuliza nani alinunua mafuta ya boti yao. Najua, nimelisema hilo mpaka mama yako kaninunia.

Alfajiri ile mlipotupokea Kibirizi, Kigoma, tumerudi kwa makasia, sikuwasimulia yote. Wezi walitujia ziwani taa zetu zinawaka, dagaa wameanza kukusanyika. Mmoja tu ndiye alikuwa na bunduki. Kijana aliyeifuata mashine ya mtumbwi wetu alichomoa kwanza mpira wa mafuta, kisha akalegeza skrubu gizani kwa vidole, wala hakuangalia. Huyo alikuwa mvuvi! Na kasia letu lililokuwa linaelea akalivuta, akaturudishia. Mpaka leo sijui nimchukie vipi. Lakini usidhani namtetea. Walitulaza kifudifudi juu ya nyavu, na babu yako mdogo akiwemo, mzee wa watu.

Baadaye nikaiona mashine mwaloni, imepakwa rangi mpya, kwenye mtumbwi wa mtu tunayeswali naye safu moja. Ufa wa kifuniko niliouziba kwa mkono wangu ulikuwa palepale. Akasema kauziwa na watu. Watu gani? Watu tu.

Huko Somalia nako, serikali ilipoanguka 1991, meli za nje ziliingia kuvua bila kumuuliza mtu, na baadhi ya maharamia wakajiita walinzi wa pwani. Naliamini hilo, nusu. Sirius Star waliyoiteka 2008 ilikuwa meli ya mafuta ya Wasaudi, ilivua samaki gani? Wenye mitaji walichukua fungu nono la pesa za kukombolea meli. Vijana wakakatwa pesa za chakula na mirungi waliyokopeshwa. Unaona? Mwenye mafuta.

Na kuacha, waliacha wengi pale meli zilipobeba walinzi wenye silaha na manowari zikajaa, kazi ikawa hailipi. Mkubwa wao mmoja, Mohamed Abdi Hassan, yule Afweyne, alitangaza Januari 2013 kwamba amestaafu. Oktoba akakamatwa Brussels, kavutwa kwa ahadi ya filamu ya maisha yake. Nilicheka mpaka nikakohoa. Ila Desemba 2023 ikatekwa meli ya Ruen, nami nikabaki najiuliza kama waliacha au walikuwa wanapumzika.

Kijana wa skrubu sijui kama aliacha. Ukitaka nimhukumu, niache kwanza. Huyu wa msikitini hukumu yake ninayo, ni mama yako tu anayenizuia kuiandika.

Nijulishe kabla hamjaondoka kama meli yenu inachukua walinzi.

Baba yako